Gari Likichemka Njiani

Gari likiharibika katikati ya safari ndefu, mara nyingi hasara kubwa haitokani na kile kilichoharibika. Hutokana na yale ayatendayo dereva katika robo saa ya kwanza baada ya kujua kwamba liko jambo. Mpira wa maji uliopasuka ni kitu cha bei ndogo; injini iliyoungua kwa sababu dereva alitaka kufika kwanza ni mali ya miaka mingi. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, na kila asafiriye katika gari la mwenziwe, ayajue mambo haya kabla ya siku ya haja, kwa maana siku yenyewe ikifika hapana nafasi ya kujifunza.

Njia ya kutoka Mombasa hadi Malindi ina urefu wa kilometa 120 hivi, na mwenye kuendelea kaskazini mpaka Mokowe, mahali pa kuvukia kwenda Lamu, huongeza kilometa zaidi ya 200. Zamani njia hiyo ilikuwa na vituo vya lazima. Palikuwa na kivuko Mtwapa na kingine Kilifi, na magari yalipanga foleni kandokando ya maji yakingoja zamu yao. Madereva walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini foleni ile ilikuwa na faida moja isiyotajwa. Injini ilipoa, na dereva aliyekuwa hana kazi aliinua boneti, akatazama maji na mafuta. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991, na tangu hapo gari laweza kutoka Malindi mpaka Mombasa bila ya kungoja kivuko chochote. Neema hiyo ni kubwa. Lakini mapumziko ambayo zamani yaliletwa na maji ya bahari, sasa imempasa dereva ajiwekee mwenyewe.

Uchukuliwe mfano wa mkulima wa Magarini anayepeleka maembe katika soko la Kongowea. Pikapu yake ameinunua kwa mkopo, na mkopo haujaisha. Kupakia kumechelewa, basi badala ya kuondoka alfajiri ameondoka saa tatu, jua limekwisha kuwa kali, na shehena imepita kidogo kipimo chake. Amepita Malindi salama, amepita Gede, na sasa upande wake wa kulia ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilometa za mraba 420 hivi, ambao barabara huupita ukingoni. Ghafula aona sindano ya joto, ambayo siku zote hukaa katikati, imeinuka na yaelekea kwenye alama nyekundu. Mafundi anaowajua wako Kilifi, kilometa 40 hivi mbele yake. Maembe yaliyoiva hayangoji, na mnunuzi amekwisha kupiga simu mara mbili. Hapo ndipo moyo humwambia mtu, "Kaza kidogo tu, utafika."

Asiusikilize moyo huo. Injini iliyo nzima hufanya kazi katika joto la digrii 90 hivi za sentigredi, na maji yanayoizunguka ndiyo yachukuayo joto lililozidi na kulipeleka kwenye rejeta likapoozwe na upepo. Maji yakipungua, au yasipozunguka, joto halina pa kwenda. Silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito kilicho juu ya injini, katika magari mengi ya siku hizi hutengenezwa kwa alumini, na alumini ikizidiwa na joto hupinda. Ikipinda, gasketi iliyo chini yake huachia, maji huingia katika mafuta, na mafuta hugeuka rangi yakawa kama chai ya maziwa. Yote hayo yaweza kutukia ndani ya dakika chache, na kilometa 40 ni mwendo wa nusu saa au zaidi.

Tena sindano yenyewe yaweza kumdanganya mtu. Kile kidude kinachopima joto hufanya kazi yake kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, kidude hubaki kikavu, na pengine sindano hushuka. Dereva hufurahi akadhani injini imepoa, kumbe ndiyo inaungua. Sindano iliyopanda kisha ikaanguka ghafula, na hali hakuna lililofanywa, si habari njema. Gari lisimamishwe papo hapo panapofaa.

Kabla ya kusimama kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuzima kipoza hewa, kama kipo, kwa maana huizidishia injini mzigo. La pili huwashangaza abiria: ni kufungua kile kipasha joto cha ndani ya gari mpaka mwisho, na madirisha yote yawe wazi. Katika joto la Malindi jambo hilo laonekana kama wazimu, lakini kipasha joto kile ni rejeta ndogo, nacho huchukua sehemu ya joto kutoka katika injini. Humpa dereva dakika mbili tatu za kutafuta mahali pazuri pa kusimama. Lakini kama taa ya betri nayo imewaka wakati ule ule sindano ilipopanda, asitafute mbali. Huenda mkanda umekatika, na katika magari mengi mkanda mmoja ndio unaozungusha pampu ya maji pamoja na alteneta. Pampu ikisimama, maji hayazunguki tena.

Mahali pa kusimama pawe nje kabisa ya lami, upande wa kushoto, penye ardhi ngumu na tambarare, mbali na kona. Pasiwe juu ya nyasi kavu, kwa sababu bomba la moshi lililopata moto laweza kuziwasha. Breki ya mkono ikazwe, taa za tahadhari ziwashwe, na abiria washuke kwa upande wa porini, si upande wa barabara, wakakae mbali na gari. Watu wengi wamepoteza maisha yao, si kwa sababu gari liliharibika, bali kwa sababu gari jingine liliwajia kwa nyuma walipokuwa wamelizunguka lile lililoharibika, kila mmoja akitoa shauri lake.

Kisha ziwekwe alama. Sheria za barabarani za Kenya zataka gari liwe na pembetatu nyekundu za tahadhari, nazo ziwekwe mbele na nyuma ya gari, hatua hamsini au zaidi, ili dereva anayekuja apate nafasi ya kupunguza mwendo. Penye kilima au kona ziwekwe mbali zaidi. Desturi ya kukata matawi na kuyatandaza njiani yajulikana Afrika Mashariki yote, na aonaye majani mabichi barabarani hujua mara moja kwamba mbele kuna gari lililokwama. Ni desturi njema kwa asiye na kitu kingine. Lakini matawi hayang'ai usiku, hivyo hayawezi kushika mahali pa pembetatu.

Hayo yakiisha kutendwa, ndipo injini itazamwe, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kifuniko cha rejeta kisiguswe. Maji ya kawaida huchemka yakifika digrii 100, lakini ndani ya rejeta iliyofungwa yamegandamizwa, kwa hiyo yaweza kufika karibu digrii 120 bila ya kuchemka. Mtu akifungua kifuniko, mgandamizo huondoka mara moja, na maji yale huchemka yote kwa pamoja. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko ile ya kwanza, na nafasi hiyo huipata usoni pa aliyefungua. Haisaidii kuwa mtu ni hodari, wala kwamba ameshika kitambaa. Kama mvuke watoka, hata boneti yenyewe iachwe mpaka uishe.

Dawa ya injini iliyochemka ni kungoja, na kungoja kwenyewe si dakika tano. Nusu saa ni kiasi kidogo. Saa nzima ni bora. Mpira mkubwa wa juu wa rejeta ukiweza kushikwa kwa mkono bila ya kuunguza, na ukibonyezwa ukawa laini, ndipo kifuniko kifunguliwe, kwa kitambaa kinene, uso ukiwa umegeuzwa pembeni. Kizungushwe kidogo tu kwanza, sauti ya mvuke ikisikika mtu asimame mpaka ikome, kisha ndipo kitolewe. Subira ya saa moja njiani ni rahisi kuliko subira ya miezi hospitalini.

Na kama mtu amekwisha kuungua? Maji ya dumu ni ya mtu kwanza, injini baadaye. Pale palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kidogo kidogo, mfululizo, kwa muda wa dakika 20. Pete, saa na nguo zisizogandamana na ngozi zivuliwe mapema, kabla mwili haujavimba. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe kamwe, kwa sababu hulifungia joto ndani, huchafua kidonda, na huwapa wauguzi kazi ya kubandua. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, na mgonjwa apelekwe hospitali ya Malindi au ya Kilifi kwa gari lolote litakalopatikana, hasa akiungua uso au macho. Maembe yangoje.

Injini inapopoa, dereva asikae bure, atafute sababu. Je, gari lilipata joto lilipokuwa likienda polepole au limesimama, na likapoa lilipokimbia? Basi feni ndiyo ya kushukiwa. Katika magari mengi feni huzungushwa kwa umeme, na huenda kilichokufa ni fyuzi, kitu cha shilingi chache. Je, lilipata joto likiwa katika mwendo? Huenda maji yamepungua, rejeta imeziba, au themostati imekwama. Atazame chini ya gari kama kuna maji yanayodondoka. Atazame mipira yote, hasa kwenye ncha zake zilizokazwa. Atazame mkanda kama upo na kama umekaza. Atazame hata mbele ya rejeta, kwa maana mfuko wa nailoni uliopeperushwa na upepo wa barabarani watosha kuziba njia ya hewa. Mpira uliopasuka karibu na ncha huweza kukatwa pale palipopasuka, ukavutwa na kukazwa tena. Uliopasuka katikati hufungwa kwa utepe imara na waya, nao huweza kumfikisha mtu kwa fundi akienda taratibu.

Sasa maji. Mwenye dumu lake ana heri. Asiye nalo atapiga hodi katika mji ulio karibu, na hapo yampasa akumbuke mambo mawili. Kwanza, asalimu kabla ya kuomba, kama ilivyo desturi. Aanze na mzee au mama mwenye mji, awajulie hali, ndipo aseme shida yake. Gari halimwondolei mtu adabu. Pili, akumbuke kwamba katika sehemu nyingi za Kilifi, hasa wakati wa kiangazi, dumu moja la maji limebebwa kichwani na mwanamke au binti kutoka mbali. Lita 20 zinazomiminwa katika rejeta pengine ndizo za kupikia ugali wa jioni. Akipewa, ashukuru kwa zaidi ya maneno: alipe, au alete dumu jingine siku ya kurudi. Msafiri wa kesho atapokewa katika mji ule kwa kadiri ya huyu wa leo alivyoondoka.

Yawe maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya munyu, na mwenye kukwama karibu na hori ya Mida aweza kutamani kuchota yaliyo mbele ya macho yake. Chumvi hula alumini na shaba, na rejeta iliyotiwa maji ya bahari huanza kuoza kwa ndani. Kama hakuna budi kabisa, yatumike ili kufika kwa fundi tu, kisha siku ile ile rejeta ifunguliwe na kuoshwa kwa maji matamu mara kadhaa. Wala madafu si maji ya rejeta, kwa sukari iliyomo. Nao wale wanaotia yai au unga ili kuziba tundu wajue kwamba kilichoziba tundu huziba pia vijibomba vyembamba ambamo maji hupita.

Maji ya baridi yasimiminwe katika injini yenye moto. Kila mpishi ajua kwamba chungu kilichotoka motoni kikitiwa maji ya baridi hupasuka, na chuma nacho kina tabia hiyo. Injini iliyokwisha kupoa itiwe maji kidogo, iwashwe, kisha yaongezwe polepole inapozunguka, mpaka yajae. Hapo dereva achomoe kile kijiti cha kupimia mafuta na kukitazama kwa makini. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, au injini ikigonga, au maji yakitoka mapovu bila kukoma, safari ya gari lile imekwisha kwa siku hiyo. Likokotwe, na kama ni gari la gia za kujiendesha, lisikokotwe mbali hali magurudumu yake yanayovuta yapo chini, bali libebwe juu ya gari jingine.

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu huona ni aibu kuacha chombo njiani. Historia ya pwani hii ina mfano wake. Mwezi wa Januari mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka Bara Hindi, alitia nanga Malindi. Maradhi yalikuwa yamewaua mabaharia wake wengi, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Walipokwisha kupita Mombasa wakielekea kusini, waliihamisha shehena ya merikebu iitwayo São Rafael, wakaitia moto, wakaendelea na mbili. Hizo mbili zilifika Ureno mwaka ule ule. Kama wangeng'ang'ania zote tatu, huenda hata moja isingalifika. Mkulima wa Magarini hahitaji kuchoma pikapu yake. Lakini afanye hesabu kama ile. Nauli ya gari la kuyapeleka maembe Kongowea ni hasara ya siku moja, na injini mpya ni hasara ya mavuno mawili matatu, tena mkopo ungali ukidai.

Asipokuwa fundi, atawapata mafundi wengi watakaotokea wenyewe. Baadhi yao ni watu wema wenye ujuzi. Wengine wana spana tu. Fundi wa kweli huuliza maswali kabla ya kufungua kitu. Bei ipatanwe kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, na kila kilichofunguliwa kiwekwe juu ya kitambaa kimoja mbele ya macho ya mwenye gari. Mtu mmoja anayeaminika akae na shehena muda wote.

Lakini yote hayo ni matibabu, na kinga ni bora. Asubuhi, injini ikiwa baridi, dakika kumi zatosha kutazama maji, mafuta, mkanda, mipira, na upepo wa magurudumu pamoja na gurudumu la akiba. Dumu la maji matamu, kitambaa kinene, spana, bisibisi, waya, utepe, tochi, jeki, pembetatu mbili, na ule mkanda wa zamani uliobadilishwa ungali unafaa: vyote hivyo huingia katika gunia moja nyuma ya kiti. Na baada ya kila saa moja ya mwendo dereva asimame kidogo, kana kwamba kivuko cha Kilifi kingalipo.

Limebaki jambo moja, nalo husahauliwa hata na madereva wazuri. Gari likikwama, hasa penye mteremko, mawe huwekwa nyuma ya magurudumu lisirudi. Gari likipona, watu hushangilia, hupanda, huondoka, na mawe hubaki barabarani pamoja na matawi. Mchana kila mtu huyaona na kuyakwepa. Lakini usiku huja bodaboda amembeba mama na mtoto kutoka zahanati, taa yake hafifu, naye halioni jiwe mpaka amekwisha kulipanda. Aliyeliweka yuko mbali na amelala, wala hatajua kamwe alilolitenda. Kwa hiyo matengenezo ya gari njiani hayajaisha injini inapowaka. Huisha pale dereva anaposhuka mara ya mwisho, akarudi nyuma kwa miguu, na kuondoa jiwe la mwisho kwa mkono wake mwenyewe.